Laini ya Majak

Haya ninayoyasimulia ni kweli tupu, kuanzia neno la kwanza hadi la mwisho. Naapa kwa pensheni yangu, naapa kwa goti langu la kushoto ambalo ndilo lililobaki zima, na kama hayo hayatoshi, namweka beberu wangu mwekundu: atakayenishika na uongo hata mmoja, aje amchukue.

Kiapo hicho nilikitoa Septemba 2013 kwenye kibanda cha chai cha Nakuleu, hapa Lodwar, mbele ya watu saba na kuku mmoja. Nimekiandika kama kilivyotoka. Na hadithi yenyewe nitaiandika kama nilivyoisimulia siku hiyo, ili muone mahali nilipoteleza.

"Huyo beberu umemwekea kiapo mara ngapi, mzee?" aliuliza Nakuleu huku akimimina chai.

"Mara nyingi. Na bado yuko zizini. Huo si ushahidi?"

Watu wakacheka. Nikajikohoza, nikaanza.

Mimi naitwa Josiah. Miaka thelathini na mmoja nilikuwa fundi wa simu, tangu enzi za waya juu ya nguzo. Nimetandika laini kutoka Lodwar hadi Kalokol kwa wavuvi, na kaskazini hadi Lokitaung, ambako ngamia alimeza mita nne za waya wangu, na kwa siku mbili mfanyabiashara wa samaki aliyekuwa akipiga simu Kitale akawa anasikika kutoka mdomoni mwa ngamia, bei na matusi yote. Nikifika hapo Nakuleu hunipunguzia sukari kwenye chai.

Kazini kwetu tulikuwa na desturi mbili. Ya kwanza: namba zikibadilishwa, namba ya zamani haikatwi. Unaiunganisha kimyakimya na mpya. Kuna mama huko Lokitaung aliyeandika namba ya mwanawe kwa makaa ndani ya kifuniko cha sanduku; yeye hana habari kwamba ofisi imenunua mitambo. Akipiga ile ya makaa, mwanawe lazima aitike. Desturi ya pili: ukilazimika kukata laini yoyote, unafunga kadi hapo ulipokata. Jina lako, tarehe, na sababu. Fundi atakayekuja baadaye ajue wa kumuuliza.

Nilipostaafu nikajifunza kompyuta. Sikufundishwa na mtu. Nilikuwa na mashine iliyotupwa na shirika moja, na kitabu kisichokuwa na jalada wala kurasa arobaini za kwanza, kwa hiyo najua mambo yote ya kompyuta isipokuwa utangulizi. Sifa zikanitangulia hadi Kakuma, kwa Hared.

Hared ni Msomali mwenye duka la kompyuta ndani ya kambi. Alikuwa na kijana wa kazi, Majak, kutoka Sudan Kusini, mrefu kama nguzo zangu. Huyo Majak alitengeneza programu ya kuhifadhi sauti. Watu walikuja dukani kurekodi salamu za ndugu zao walio mbali, na programu ilizikunja sauti zile hadi zikawa ndogo kabisa, za kutumwa kwa mtandao dhaifu. Aliibuni namna yake mwenyewe ya kuzikunja. Sauti iliyokunjwa na programu ya Majak ilifunguliwa na programu ya Majak tu.

Siku ya kuijaribu kwa mara ya kwanza alirekodi sauti yake mwenyewe. Alitaja majina ya mababu zake, kumi na manne, mmoja nyuma ya mwingine, kama alivyofundishwa na babu yake walipokuwa wakikimbia vita kwa miguu. Babu alikufa njiani. Baba alikufa vitani. Mdogo wake, Wol, alizaliwa safarini na hakufundishwa lolote. Majina yale yote yalibaki kichwani mwa Majak peke yake.

Septemba 2012 lori lilipinduka upande wa Kainuk, Majak akiwemo.

Programu huandikwa kwanza kwa maneno ambayo mtu anaweza kuyasoma, kisha hupikwa ikawa kitu kinachoeleweka na mashine tu. Yale maneno yalikuwa kwenye laptopu ya Majak, na laptopu aliipakata siku ile. Kilichobaki dukani ni chakula kilichokwisha kupikwa. Kinalika, lakini huwezi kukirudisha kikawa unga.

Mama yake anaitwa Achol. Aliuza vitunguu na bamia kavu sokoni Kakuma. Tangu mazishi, kila Jumamosi alifunga genge lake, akaja kwa Hared, akakaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya mashine. Hared alifungua ile rekodi. Majina kumi na manne, kisha kicheko kidogo, kisha kijana anasema kwa Kiswahili: "Mama, umesikia?"

"Nimesikia," Achol alijibu kila mara. Halafu alirudi kwenye vitunguu vyake.

Hakuna aliyefikiria kuirekodi kwa simu. Nani anaweka akiba ya kitu anachokisikia kila Jumamosi?

Mei 2013 diski ya ile mashine ikaanza kugugumia kama mtu mwenye pumu. Hared akaniita. Niliokoa kila faili nikaliweka kwenye diski mpya, nikaingiza mfumo mpya kabisa uliokuwa umetoka karibuni. Diski ya zamani ilikata roho mikononi mwangu siku iliyofuata. Nikashika mkono wa Hared nikamwambia, "Kila kitu kiko kama kilivyokuwa."

Jumamosi Achol akaja, akakaa. Hared akabonyeza. Programu ikaanguka kabla ya kufunguka, ikaacha maneno machache tu: wito mbaya kwa mfumo.

Bonyeza tena. Wito mbaya.

Achol alitazama kioo, akamtazama Hared, akanitazama mimi. "Mzee, mtoto yangu iko wapi?"

"Yupo, mama. Faili lipo. Ni mlango tu unakataa."

"Amekufa tena," alisema. Hakulia. Alilisema kama mtu anayetaja bei.

Nikawaeleza, na hapa niliwaeleza pia watu wa kibanda. Ndani ya kila kompyuta kuna kiini cha mfumo. Ndicho kinachoshika diski, spika, saa, kila kitu. Programu haijichukulii chochote. Inakipigia kiini, na kila haja ina namba yake. Namba hii, nifungulie faili. Namba ile, niambie saa. Programu ikishapikwa, namba hizo zimo ndani yake kama chumvi ndani ya mchuzi. Sasa, kiini cha zamani kilikuwa kinajibu saa kwa kisanduku kidogo, na kisanduku hicho kingejaa mwaka 2038. Watengenezaji wakaweka kisanduku kikubwa, chenye namba mpya ya kupigia. Programu ya Majak, maskini, inapiga ile ya zamani. Ndiye yule mama wa Lokitaung na makaa yake.

"Na wale watengenezaji," niliwaambia watu wa kibanda nikipiga meza, "wale wazungu wenye ndevu wanaokaa kwenye baridi, waliikata namba ya zamani! Hawakuacha hata uzi!"

"Wakora," alisema mmoja.

"Wakora sana," nikasema.

Na Achol hakuwa na muda. Kwao kijana akifa bila kuoa, ndugu yake humwolea mke, na watoto watakaozaliwa huitwa watoto wa marehemu, ili jina lake lisizimike. Wol alikuwa amepata msichana huko Bor. Achol angeondoka na lori mwanzoni mwa Juni. Siku ya kukaa na wazee wa upande wa pili, mtu wa kiumeni lazima ataje mababu, ili ijulikane hawaoani ndugu kwa ndugu, na ili bwana harusi, ingawa yuko kaburini, ajulikane ni nani. Achol alitaka kuichukua ile sauti kwenye simu yake. Majak ajitaje mwenyewe.

"Nipe wiki tatu, mama Majak," nilimwambia. "Nitaandika mkalimani. Atakaa katikati. Programu ikipiga namba ya zamani, yeye anapokea, anauliza kiini kwa namba mpya, anakunja jibu liingie kwenye kisanduku kidogo, anamrudishia. Mwanao hatajua kama dunia imebadilika."

Alinishika mikono yote miwili. Mikono yake ilinuka vitunguu.

Nikarudi Lodwar, nikaandika. Siku ishirini na moja, ndugu zangu! Nililala nimeegemea kibodi, mbu wakanila wakashiba wakaanza kuwapa wenzao. Siku ya ishirini na moja nikafika Kakuma na mkalimani wangu kwenye kadi ya kumbukumbu, nikamweka ndani ya mashine, nikabonyeza, na Majak akatoka! Majina yote kumi na manne! Mama yake akapiga kigelegele, akaniangukia shingoni, akalia kwa furaha hadi...

"Mama Majak hakulia."

Sauti ilitoka nyuma yangu. Nikageuka. Hared alikuwa amekaa kwenye benchi la mwisho, kofia yake ya kufuma magotini, glasi ya chai mkononi. Alikuja Lodwar kuchukua mzigo wake, na sijui alikuwa amekaa hapo tangu ngamia au tangu lini.

"Ejok, Hared," nikamsalimu.

"Ejok, mzee. Mama Majak hakulia, kwa sababu mama Majak hakuwepo."

Nakuleu akaweka birika chini.

"Lori liliwahishwa siku moja, mvua ilikuwa inakuja," Hared aliwaambia watu, si mimi. "Yeye alikuja dukani asubuhi, akaketi kwa ile kiti saa nzima na mzigo wake. Aliuliza kama mzee amepiga simu. Nikamwambia bado. Akasema, mwambie asisumbuke, nitajaribu kukumbuka mimi. Akaenda. Huyu mzee alifika kesho yake."

"Barabara ilikuwa mbaya," nikasema.

"Wallahi, mzee, ngoja kwanza." Alitoa karatasi iliyokunjwa mara nne mfukoni mwa shati. "Juzi nimenunua mashine ya pili. Nikasema nitaipikia kiini mwenyewe, kama nilivyokuona ukifanya. Nikafungua ile orodha yako, ile ya kuchagua nini kiingie ndani na nini kibaki nje. Unajua nimeona nini?"

Nilijua.

"Nakuleu," alisema Hared, "unasoma?"

"Nasoma."

"Tusomee dada. Hapo nimepigia mstari."

Nakuleu alifuta mikono kwenye leso, akaileta karatasi kwenye mwanga. Alisoma polepole, kwa sauti ya mtu anayesoma kanisani. "Hapa kuna maneno ya kigeni. Halafu: *kupokea programu za matoleo ya zamani*. Mbele yake kuna alama kama reli. Na pembeni kumeandikwa: *Mizigo ya kale, haina kazi. Imekatwa. Josiah, 11 Mei 2013.*"

Mtu mmoja akauliza, "Hiyo reli maana yake nini?"

"Maana yake ni usisome mstari huu, pita," Hared alisema. "Watengenezaji hawakukata kitu. Waliacha karani wa zamani pale pale kaunta, anapokea namba za zamani, anatafsiri, kama vile huyu mzee anasema yeye ataandika. Alikuwepo tayari! Mzee akamfukuza kazi."

Wale wazungu wenye ndevu hawakuwa wakora, basi. Walifanya kazi yao kama sisi tulivyoifanya ya Lokitaung. Mashine ya Hared ilikuwa na kumbukumbu ndogo, nami nilitaka kiini chembamba, chepesi, cha kujisifia. Nilipitia orodha nikikata hiki na kile. Nilipofika kwenye mstari ule nikajiuliza, nani bado anatumia vitu vya zamani? Nikaweka alama. Na kwa kuwa mkono uliofunga kadi miaka thelathini na mmoja hauachi, nikaandika jina, tarehe na sababu.

"Uliona lini?" aliuliza Hared. Safari hii alinitazama mimi.

Ningeweza kusema uongo mwingine. Nilikuwa nao, tena mzuri, ulikuwa na fisi ndani yake.

"Siku ya tisa," nikasema.

"Ya tisa."

"Nilikuwa na nakala ya ile orodha nyumbani. Nilitafuta kitu kingine nikakutana na jina langu."

"Siku ya tisa ungepanda gari, ungekuja, ungefuta hiyo reli moja. Kupika kiini ni saa ngapi?"

"Asubuhi hadi alasiri."

"Na mama Majak angeondoka na mtoto wake."

"Angeondoka naye."

"Sasa hizo siku kumi na mbili ulikuwa unafanya nini, mzee?"

Nitaandika hapa nilichomjibu, maana kibandani nilikisema kwa sauti ndogo na wengine hawakusikia. Nilikuwa namwandika mkalimani. Nilikuwa nimekwisha kumwambia yule mama kwamba kosa ni la watu wa mbali. Nikirudi na kufuta alama moja mbele ya macho ya Hared, ningekuwa mzee aliyekata. Nikirudi na mkalimani, ningekuwa mzee aliyeunganisha. Nilitaka kufika nikiwa yule wa pili. Na mkalimani mwenyewe hakuwahi kutamka neno. Kila nilipomwasha alianguka palepale, wito mbaya, wito mbaya, hadi siku zikaisha.

Siku ya ishirini na moja nilipofika nikakuta kiti kitupu, nilimtuma Hared aninunulie soda ambayo sikuihitaji. Akiwa nje nikanakili orodha, nikafuta alama kwenye nakala. Orodha ya kwanza, na reli yake na kadi yangu pembeni, nikaisahau ndani ya mashine. Tukangoja kiini kiive. Alasiri nikabonyeza, na Majak akatoka, kwa sauti yake nzito ya pole, babu mmoja baada ya mwingine, hadi wa kumi na nne. Kile kicheko. Kisha: "Mama, umesikia?"

Tulikitazama kile kiti.

"Hajasikia," Hared aliijibu mashine.

Tuliweka simu mbele ya spika tukairekodi, tukaitia kwenye kadi ya kumbukumbu, tukampa dereva wa lori lililofuata. Kadi ilifika Bor siku kumi na moja baada ya harusi. Achol alimpigia Hared kumshukuru. Hared hakuwahi kunieleza walizungumza nini, na mimi sikuwahi kuuliza. Siku ile kibandani alinieleza, mbele ya watu.

"Wol hakujua kitu, kwa hiyo mama mwenyewe alisimama kutaja, ingawa si desturi mwanamke kutaja. Alifika babu wa saba. Akasimama. Akarudi mwanzo, akafika wa saba tena. Mzee mmoja wa upande wa msichana akamwambia, kaa chini mama, inatosha, tunaendelea. Wakaendelea." Hared alikunywa chai iliyobaki, imeshapoa. "Aliniambia hivi: nimemwolea mtoto yangu mke, yeye mwenyewe akiwa nusu."

Yule aliyesema wakora aliangalia viatu vyake.

Nakuleu ndiye aliyenyanyuka. Alinipa ile karatasi, halafu akaongeza sukari kwenye chai yangu, vijiko viwili, bila kuombwa. Afadhali angenitukana.

"Beberu, mzee," alisema.

"Ndiyo, mama. Beberu."

"Mimi simtaki," alisema Hared. "Nitamla vipi huyo?" Akafikiri. "Mahari ya Majak haijaisha. Dada yake Achol, Akuch, yuko Kakuma, ndiye anakusanya wanyama waliobaki. Mpeleke huko. Mimi naondoka kesho na pikapu. Njoo na mguu wako mwenyewe."

Nikaenda. Beberu alisafiri nyuma kati ya magunia ya sukari, mimi nikakaa naye kumshika pembe. Kabla ya kutoka nyumbani nilikuwa nimekata kipande cha boksi, nikakitoboa, nikaandika kwa kalamu ya wino mzito, nikamfunga shingoni kwa waya wa simu. Bado ninao mwingi.

Akuch ni mrefu kama marehemu. Alikuwa akipepeta mtama mbele ya nyumba yake. Nikamsalimu, nikampa kamba, nikamwambia huyu ni wa Majak.

Alimpapasa beberu mgongoni na mbavuni, akaridhika. Kisha akaishika ile kadi, akaigeuza huku na huku.

"Mimi sisomi," alisema. "Imeandikwa nini?"

Nilimtazama Hared. Hared alikuwa anatazama tairi la pikapu yake.

Nikasoma. "Josiah. Tarehe kumi na moja Mei, elfu mbili na kumi na tatu. Nilikata laini ya Majak kwa sababu niliiona haina kazi. Siku ya tisa nilijua, nikanyamaza."

Akuch aliacha ungo magotini. Beberu akaanza kula pindo la ngozi aliyokalia.

"Soma tena," akasema.

Nikasoma tena.